Kuniya, lakabu na kinaya: Mwarabu alikuwa anamheshimu mtu au analificha jina lake?

#1 Mkia wa Pweza

Wakuu, salaam.

Tumefundishwa tangu madrasa kwamba Mwarabu akiitwa kwa kuniya, yaani Abu fulani (baba wa fulani) au Ummu fulani (mama wa fulani), hiyo ni heshima. Mimi nashikilia kwamba heshima ilikuja baadaye. Kazi ya kwanza ya kuniya ilikuwa kulificha jina.

Tazameni mzizi wake: kaf, nun na ya (wengine huutia waw mwishoni). Ukisema "kanaa an" jambo fulani, maana yake umelitaja kwa kupitia jambo jingine, lenyewe hukulitamka. Ibn Faris, mwanaisimu aliyefariki mwaka 1004, alipoipanga mizizi ya Kiarabu kwa maana zake, aliuandikia mzizi huu kwamba unaonyesha kulisitiri jina kwa jina lisilokuwa lake. Humohumo ndimo ilimotoka "kinaya" tunayoisoma kwenye fasihi. Kinaya na kuniya ni watoto wa tumbo moja.

Halafu mtazame Kiarabu kilivyo na ukoo mzima wa mizizi ya kuficha, na jinsi ukoo huo ulivyohamia kwetu: siri, sitiri, stara, hijabu, ghaibu, batini, jini. Nadhani majina ya kubandikwa, yaani kuniya na lakabu, yalikuwa humo tangu mwanzo. Wenye elimu karibuni, nipingeni kwa hoja.

#2 Tumbo Joto

Nimekaa siti ya mbele. Na nakushukuru kwa kuiandika "kuniya" yenye i. Kuna bango la darsa mtaani kwetu liliandikwa bila hiyo i, watoto wakawa wanapita pale makusudi kulisoma kwa sauti.

#3 Binti Shela

Mkia wa Pweza, kwenye kuniya tutajadiliana, lakini lakabu itoe kabisa kwenye ukoo wako. Lam, qaf na ba hazina kuficha ndani yake. Huyohuyo Ibn Faris uliyemleta anasema lakabu ni nabz, yaani jina la kubandikwa mtu, mara nyingi la kumuumiza. Na ndivyo Qur'ani inavyolitumia, Suratul Hujurat aya ya 11: "wala tanaabazuu bil-alqaab", msiitane kwa majina mabaya. Riwaya aliyoipokea Abu Daud inasema aya hii iliwashukia Banu Salima wa Madina. Mtume alipofika kwao alikuta kila mwanamume ana majina mawili au matatu. Akawa anamwita mtu kwa mojawapo, anaambiwa: hilo, ewe Mtume, huwa anakasirika akiitwa.

Lakabu inafichua, haifichi. Al-Jahiz, yule mwandishi wa Basra, jina lake ni Amr bin Bahr. "Jahiz" ni mwenye macho yaliyotokeza. Al-Farazdaq, mshairi, jina lake Hammam bin Ghalib. Lakabu yake ni donge la unga uliokandwa, kwa sura ya uso wake. Al-Khansa, mshairi mwanamke, ni Tumadhir binti Amr, na lakabu inahusu pua yake. Hapo kimefichwa nini? Watu walichukua kitu kinachoonekana usoni wakakifanya jina.

Kuna ubeti wa zamani ambao wanafunzi wa nahau wanaujua kwa moyo:

*Akniihi hiina unaadiihi li-ukrimahu,
wa laa ulaqqibuhu, was-saw'atul-laqabu.*

Namwita kwa kuniya ninapomwita ili nimtukuze, wala simpi lakabu, maana aibu ndiyo lakabu. Mshairi kazitenga mwenyewe: kuniya upande wa heshima, lakabu upande wa fedheha.

#4 Mwalimu wa Zamu

Asanteni kwa uzi huu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Kenya na nina tatizo kubwa na namba moja.

Sisi lakabu ni kipera cha fasihi simulizi, iko kwenye mtihani. Tunafundisha kwamba ni jina ambalo mtu hupewa au hujipa kutokana na sifa zake, na miongoni mwa kazi zake ni kusifu, kukejeli na kuficha utambulisho wa mtu. Kwa hiyo huyo dada anayesema lakabu haifichi, kwetu sisi inaficha na wanafunzi wanapata alama kwa kusema hivyo.

Kinaya nacho tunafundisha kwamba ni kinyume cha matarajio. Kituo cha zimamoto kinaungua, hiyo ni kinaya. Sasa inakuwaje iwe ndugu wa Abu Bakr?

#5 Nahodha Mstaafu

Nilidhani kinaya inatokana na kukinai. Mtu aliyeshiba akakinai huwa na majivuno, na majivuno huzaa maneno ya kejeli.

#6 Mwanafunzi wa Darsa

Nahodha, shikamoo. Hiyo ni mizizi miwili mbalimbali. Kukinai ni qaf, nun, ain: kutosheka. Ndugu zake ni qanaa na qaani'. Kinaya ya balagha, yaani elimu ya ufasaha wa maneno, ni kaf, nun, ya. Kiswahili kimezikutanisha kwa sababu hatuitamki ain, na qaf kwetu imekuwa kaf.

Mwalimu wa Zamu, kinaya ya Waarabu si kinyume cha matarajio. Ni kusema jambo ukakusudia linaloambatana nalo. Mfano unaorudiwa kila darsa unatoka kwa Al-Khansa akimlilia kaka yake Sakhr: alikuwa mrefu wa mkanda wa upanga, nguzo ya hema lake iko juu, majivu yake mengi msimu wa baridi. Hakusema kaka yake alikuwa karimu. Lakini majivu mengi yanatokana na moto mwingi, moto mwingi ni mapishi mengi, mapishi mengi ni wageni wengi, na wageni hawaji kwa bahili, tena msimu wa baridi ambapo kila mtu anabana chakula chake. Msikilizaji anaipanda ngazi hiyo peke yake. Na mkanda wa upanga ukiwa mrefu, mwenye kuuvaa ni mrefu.

Hapo ndipo naona Mkia wa Pweza ana hoja. Abu Bakr ni ngazi ya namna hiyohiyo: unataja mtoto, au kitu, na msikilizaji anapanda mwenyewe mpaka kwa mwenye jina.

#7 Mkia wa Pweza

Mwanafunzi wa Darsa, umetema madini. Hayo majivu ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Binti Shela, lakabu nimeitoa kwenye mzizi, ila si kwenye matumizi. Thabit bin Jabir, mshairi wa kale, alibandikwa "Ta'abbata Sharran", kabeba shari kwapani. Ukiuliza leo, nani anamjua Thabit? Lakabu imemmeza. Jina likimezwa limefichika, hata kama aliyelimeza alikusudia kufichua.

#8 Binti Shela

Kumezwa na kufichwa ni vitu viwili. Usichanganye matokeo na kusudio.

#9 Bahari ya Matrah

Niko Maskati miaka mingi, nachangia ninayoyaona kila siku.

Huku kuniya ni hai, haiko vitabuni tu. Bosi wangu wa kwanza alikuwa Abu Salim. Mafundi Abu Salim, dereva Abu Salim, mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara Abu Salim. Jina lake halisi nililiona kwenye karatasi ya viza yangu, pale chini penye sahihi ya mdhamini. Nikamwuliza mwenzangu huyu ni nani tena, akacheka mpaka akakaa chini.

Upande wa wanawake ndipo pazia hasa linapoonekana. Hapa humuulizi mwanamume jina la mkewe. Unauliza "al-ahl" hawajambo, watu wa nyumbani hawajambo, na yeye akimtaja anasema Ummu Salim. Nimekula kwenye nyumba zao, nimezikana nao, na majina ya wake zao siyajui mpaka leo wala sijaona haja ya kuyajua. Kwa hiyo mleta mada, mimi nipo nawe kwa nusu: kwa mwanamume naona heshima, kwa mwanamke naona stara.

Na wale mnaoandika "Abu" tu, lahaja nyingi za Ghuba hukata alifu ya mbele ikabaki "Bu": Bu Khalid, Bu Yusuf. Ndiyo iliyomo ndani ya Al Bu Said, ukoo uliotoa masultani wa Unguja mpaka mapinduzi ya 1964. Tunasema "Albusaidi" kama neno moja, kumbe kuna kuniya imelala katikati.

#10 Tumbo Joto

Hii ya Busaidi nimeipita maisha yangu yote bila kuiona. Nyumbani kwetu mtaa wa tatu kuna Albusaidi wawili, kesho nawapelekea habari zao.

#11 Mjukuu wa Rungwe

Wakuu, mbona mnahangaika na herufi? Hili halihitaji Kiarabu. Kwetu Wanyakyusa mke hakulitaja jina la baba mkwe wake, na hakuishia hapo: hata neno la kawaida likifanana kwa sauti na jina lile alilikwepa, akatafuta jingine. Mabibi zetu walikuwa na maneno yao ya pembeni kwa ajili hiyo. Pwani na bara zima mtu akizaa anakuwa Baba Juma au Mama Asha, na hakuna aliyekwenda Basra kujifunza.

Kulikwepa jina la mtu mzima ni tabia ya binadamu. Waarabu wana njia yao, sisi tunayo yetu. Mzizi wa kaf, nun na ya unaeleza neno. Tabia yenyewe hauielezi.

#12 Mwalimu wa Zamu

#11 umesema kweli, ila swali linabaki: mnakwepa kwa sababu ya heshima, au kwa kuogopa? Maana wapo wanaosema jina la mtu ni kama mlango wake. Mchawi akilijua kashapata pa kuingilia.

#13 Mjukuu wa Rungwe

Bibi yangu ungemuuliza angesema ni adabu tu. Lakini adabu na hofu zilikuwa zinakaa nyumba moja, sikatai.

#14 Mwanafunzi wa Darsa

Nilikwenda kuiangalia kamusi ya Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, aliyezaliwa 1233. Anaigawa kuniya mara tatu, na nadhani mgawanyo wake utawapa kila mmoja chake.

Ya kwanza ni pale unapokwepa kutaja jambo ambalo kulitamka ni aibu. Ya pili ni mtu kuitwa kwa kumtukuza. Ya tatu ni pale kuniya inaposimama mahali pa jina, mwenyewe akawa hajulikani ila kwa hiyo, na mfano anaoutoa ni Abu Lahab, ambaye jina lake ni Abdul-Uzza.

Sasa Abu Lahab anamsumbua Binti Shela. Kama kuniya ni heshima, kwa nini Qur'ani imwite adui kwa kuniya? Wafasiri wametoa majibu kadhaa. Wengine wamesema jina lake lilikuwa na jina la sanamu ndani yake, halikufaa kutajwa. Wengine wamesema "lahab" ni mwali wa moto, na ndiko alikokuwa anakwenda. Wengine wamesema ndilo alilojulikana nalo, basi. Jibu la kwanza ni kuficha kabisa!

#15 Binti Shela

Halinisumbui. Aya moja yenye sababu yake haivunji desturi nzima. Mtazame Bi Aisha: hakuzaa, akataka kuniya kama wenzake, akaambiwa ajiite kwa Abdullah, mtoto wa dada yake. Akawa Ummu Abdillah. Alikuwa anaficha nini? Jina Aisha kila mtu alikuwa analijua.

Mtazame na yule mtoto mdogo wa Madina aliyefiwa na ndege wake, Mtume akawa anamwambia "Yaa Abaa Umayr, maa fa'alan-nughayr", ewe Abu Umayr, kaendaje yule ndege? Mtoto wa kucheza na ndege ana kuniya. Hapo ni mapenzi na kumkuza mtoto ajione mtu. Ndiyo maana kuna kauli inayonukuliwa kwamba wahini watoto wenu kwa kuniya kabla lakabu hazijawashinda. Kwa maneno mengine, kuniya ni kinga. Ukimpa mtoto jina zuri mapema, watu hawapati nafasi ya kumpachika baya.

#16 Bahari ya Matrah

Kinga ni namna ya kufunika pia, Bi Shela. Nasema tu.

#17 Kijana wa Gerezani

Mbona mmesahau siasa? Viongozi wa Palestina wote walijipa hizi Abu ili Israeli isiwajue. Arafat alikuwa Abu Ammar, Khalil al-Wazir alikuwa Abu Jihad, Mahmoud Abbas ni Abu Mazen. Majina ya vita. Kama huku Kenya General China, jina lake Waruhiu Itote. Au Mzee Kawawa, Simba wa Vita. Kuniya ni kuficha, mjadala umefungwa.

#18 Bahari ya Matrah

Usifunge bado, kijana. Khalil al-Wazir alikuwa na mtoto wa kiume anayeitwa Jihad. Abbas alikuwa na mtoto anayeitwa Mazen, aliyefariki Doha mwaka 2002. Hizo ni kuniya za kawaida kabisa kama ya Abu Salim wangu. Arafat ndiye wa kipekee: mtoto wake ni binti, Zahwa, aliyezaliwa 1995, wakati yeye alikuwa Abu Ammar miaka mingi kabla. Jina lake la Yasir lilivuta Ammar kwa sababu ya Ammar bin Yasir, sahaba. Waarabu wana jozi kama hizo: Ibrahim kwa kawaida anaitwa Abu Khalil, Yusuf ni Abu Yaqub, Misri Hasan ni Abu Ali. Hata asiye na mtoto.

#19 Mwalimu wa Zamu

Na General China na Simba wa Vita si kuniya. Hizo ni lakabu, tena ya pili ni ya sifa, haina uhusiano na kujificha. Kawawa kila mtu alimjua kwa jina na sura.

Lakini umenipa wazo. "Baba wa Taifa" ndiyo kuniya yetu safi kuliko zote. Baba wa kitu ambacho hakukizaa.

#20 Mwanafunzi wa Darsa

Naam Mwalimu, maana "Abu" si lazima mzazi. Mara nyingi ni mwenye kitu, mwenye kuambatana nacho. Abu Hurayra ni wa kipaka, kwa kipaka aliyekuwa naye. Na kuniya ile imelifunika jina lake mpaka wanazuoni wametofautiana vibaya jina lake halisi ni lipi. Wengi wanasema Abdurahman bin Sakhr.

Abu Turab, wa vumbi, ni Sayyidna Ali. Alilala msikitini, shuka ikamtoka mgongoni, vumbi likamganda. Mtume akawa anampangusa huku akimwambia: inuka, Abu Turab. Ali alilipenda jina hilo kuliko mengine. Baadaye mahasimu wake wakalitumia kumdhalilisha. Jina ni lilelile, mdomo ndio umebadilika. Sasa hiyo ni heshima, ni nabz, au ni siri? Inategemea nani anaita.

#21 Abunuwasi wa Pili

Kuna kitu kinachonikera. Mimi najiita Abunuwasi tangu nijiunge humu, kwa zile hekaya tulizosimuliwa utotoni za mjanja aliyemchezea Harun Rashid. Nilidhani ni jina moja kama Athumani.

#22 Mwanafunzi wa Darsa

Ni kuniya, ndugu. Mwenyewe ni mshairi wa Baghdad, Hasan bin Hani. Nuwas inatokana na kuning'inia na kuyumba, kwa nywele zilizokuwa zinamwangukia mabegani. Pwani kuniya imefika, Hasan kabaki njiani.

#23 Mkia wa Pweza

Naomba turudi kwenye mizizi kidogo, kwa sababu nimepata mfano ambao lakabu na kuficha vimekutana ndani ya neno moja: majnuni.

Jim, nun, nun. Ibn Faris anasema ni asili moja, nayo ni kusitiri na kusitirika. Jini ni asiyeonekana. Janini ni mtoto aliyefichwa tumboni. Janna ni bustani ambayo miti yake imeifunika ardhi. Junna ni ngao, ndiyo ile "as-sawmu junna", saumu ni ngao. Majnuni ni aliyefunikwa akili. Sasa Qays bin al-Mulawwah alipewa lakabu gani? Majnun Layla. Lakabu yake inasema "aliyefunikwa".

Na kisa chake ni cha kufichua. Alimtaja Layla kwenye mashairi mpaka jangwa zima likamjua, na baba yake binti akakataa kumwoza, maana kwa Waarabu wale kumtaja binti wa watu hadharani kulikuwa kumvua stara. Wenye hekima walitumia kuniya. Kuna ubeti wanaoutaja wanakamusi kwenye mzizi wetu huuhuu:

*Wa innii la-aknuu an Qadhuura bi-ghayrihaa,
wa u'ribu ahyaanan bihaa fa-usaarihu.*

Nami humtaja Qadhuri kwa jina lisilo lake, na mara nyingine humtamka nikaweka wazi. Huyu kaeleza kitenzi chote kwa mstari mmoja. Kinyume cha kuniya kwake ni kusarahisha, kuweka wazi. Hakusema kinyume chake ni kudharau.

#24 Binti Shela

Ubeti mzuri sana, na hapo umenigusa. Kwetu Lamu neno "sitiri" lina uzito ambao vitabu haviutoi. Mtu akifa tunasema kesho anasitiriwa. Nyumba isiyo na ua haina stara. Anayekopa kwa siri ili wageni wasijue hana kitu, Mungu kamsitiri. Kama kuniya ni sitara ya namna hiyo, basi kuficha na kuheshimu havigombani. Lakini hicho sicho ulichokisema #1. Ulisema heshima ilikuja baadaye.

#25 Mpimaji

Nimesoma kurasa zote kimya, niwaharibie kidogo.

Mizizi isiwalevye. Herufi tatu zikikutana haimaanishi kila neno lina maana ileile tangu enzi na enzi. Wanakamusi kama Ibn Faris walikuja baadaye wakatafuta uzi wa kuyafunga maneno pamoja. Mara wanapatia, mara wanalazimisha.

Nipeni ndugu zake Kiarabu. Kiebrania kina mzizi huohuo, na humo "kinui" ni jina la kupewa, jina la pili, la heshima au la utani. Isaya 45:4 Mungu anamwambia Koreshi kwamba amempa jina la heshima ingawa Koreshi hakumjua Yeye. Kuficha hakupo pale. Kwa hiyo inawezekana maana ya kale ni kumpa mtu jina la ziada, na Waarabu ndio waliokwenda mbele wakaigeuza kuwa kusema kwa kuzunguka. Mkia wa Pweza ameisoma historia kutoka mkiani.

Kwenye jim-nun-nun namuunga mkono. Kiebrania "gan" ni bustani na "magen" ni ngao, sawa na "mijann" ya Kiarabu, ngao. Pale ukoo unasimama.

Kwenye kaf, fa, ra kuna ugomvi mkubwa zaidi. Waarabu wanasema asili ni kufunika: mkulima ni kafiri kwa sababu anaifunika mbegu, na wafasiri wengi wameielewa hivyo Suratul Hadid aya ya 20. Labid, mshairi wa kale wa Kiarabu, kwenye shairi lake kaliita giza la usiku kafiri. Na kafara inaifunika dhambi. Lakini upande wa Kiebrania wataalamu wanabishana kama maana ya msingi ni kufunika au kufuta.

#26 Tumbo Joto

Ina maana babu yangu alivyolima mpunga miaka yote ile alikuwa…

#27 Msimamizi wa Jukwaa

Tumbo Joto, iishie hapo. Nimefuta michango minne iliyofuata. Tujadili lugha, imani za watu tuziache.

#28 Mwanafunzi wa Darsa

Mpimaji, nimekuelewa kuhusu Kiebrania, na jibu sina zaidi ya kusema kwamba lugha mbili ndugu zinaweza kugawana urithi, mmoja akachukua jina, mwingine akachukua pazia.

Ila kuna ushahidi mmoja wa matumizi ambao hauhitaji mizizi. Kwenye elimu ya hadithi kuna kosa linaloitwa tadlisi ya masheikh. Dal, lam, sin: "dalas" ni giza. Mfanyabiashara akificha kasoro ya bidhaa, hiyo ni tadlisi. Mpokezi wa hadithi akiwa amesoma kwa mtu dhaifu, asiyeaminika, alikuwa anamtaja kwa kuniya isiyojulikana ili msikilizaji asimtambue. Mfano maarufu ni Atiyya al-Awfi. Alipokea kutoka kwa al-Kalbi, akampa kuniya "Abu Said" na kuanza kusema: kanisimulia Abu Said. Watu wakadhani ni Abu Said al-Khudri, sahaba!

Wanazuoni waliliona tatizo hili wakatunga vitabu vizima vya kuoanisha kuniya na majina. Imamu Muslim mwenyewe, tunayemjua kwa Sahihi yake, ana kitabu cha kuniya na majina. Kama kuniya isingekuwa na uwezo wa kuficha, kazi hiyo yote ingekuwa ya nini?

#29 Binti Shela

Kisu kinaweza kuua, lakini hakikufuliwa kwa ajili hiyo. Atiyya alitumia vibaya kitu chema.

#30 Mjukuu wa Rungwe

Hapo dada kakujibu.

#31 Nahodha Mstaafu

Mimi nimeishika ile ya kwanza ya Lisan, ya kukwepa kutaja aibu. Vijana, "msalani" mnadhani ni nini? Msala ni mkeka wa kuswalia. Wazee wetu walichukua mahali safi kabisa wakakiita choo kwa jina lake, wasikitamke. Hiyo ni kinaya ya Kiarabu ndani ya Kiswahili, Mwalimu wa Zamu aiongeze kwenye mtihani. Waarabu nao wana "ghaait" kwenye aya ya udhu, ambayo asili yake ni bonde tu, mahali pa chini pa kujificha. Na usiku pwani nyoka hatajwi, tunasema kuna kamba.

Na mmemwacha Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Lile ni jina la kubandikwa. Mwenyewe kwenye maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili anasema ni mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni kwa kupepesa macho.

#32 Kijana wa Gerezani

Hiyo ya macho inamrudisha kwa Jahiz wa #3. Mwenye lakabu akipewa nafasi anajichagulia maelezo mazuri.

#33 Bahari ya Matrah

Nahodha, ya nyoka wanayo pia. Aliyeumwa na nyoka Waarabu walimwita "salim", mzima. Jangwa la kuua watu kwa kiu waliliita "mafaza", mahali pa kufuzu. Kipofu wanamwita Abu Basir, baba mwenye kuona. Mauti wakayaita Abu Yahya, na Yahya ni anayeishi. Sasa Abu Basir ni heshima, ni kuficha, au ni kumtakia heri? Mimi nimemsikia mzee mmoja akiitwa hivyo sokoni Matrah na aligeuka akatabasamu.

#34 Mkia wa Pweza

Hiyo ni fali, kutaja kwa kuomba heri. Tuiandike kuwa maelezo ya nne: kuficha, heshima, kuogopa jina, na fali.

#35 Mpimaji

Ya tano: mazoea tu. Mji wenye akina Muhammad mia, lazima uwatenganishe.

#36 Tumbo Joto

Narudi kwa adabu. Vyakula navyo vina kuniya?

#37 Mwanafunzi wa Darsa

Vinayo. Mkate Waarabu wanauita Jabir bin Habba. Jabir ni mwenye kuunga kilichovunjika, na habba ni punje.

#38 Mpimaji

Hiyo si kuniya. Haina Abu wala Ummu, ina jina na nasabu kamili.

#39 Mwanafunzi wa Darsa

Wapo wanazuoni wanaoingiza bin na binti ndani ya kuniya. Ibn Umar unamwekaje? Jina lake ni Abdullah, na halitajwi.

#40 Mpimaji

Huyo namweka kwenye nasabu iliyoshika mahali pa jina. Lete mwingine.